Ipime Saa Nane Mchana

  

Jioni hii nawapeleka Kibwezi, kwenye chumba kimoja cha mabati chenye dirisha moja dogo. Humo ndimo anamofanyia kazi mpwa wangu. Anahariri video: za harusi, za mazishi, za ibada, na za siku ya ntheo, pale mbuzi wanapofikishwa kwa wakwe na jamaa wa pande mbili wakaanza kujuana. Oktoba iliyopita alinipigia simu saa tisa alasiri, na sauti yake ilinishtua. "Mjomba," akasema, "skrini imejaa madoa ya rangi, halafu ikazimika. Naona nimeiua kadi."

Kadi hiyo ilinunuliwa kwa pesa za ndengu. Dada yangu aliuza mavuno ya msimu mzima, akalipa karo ya wadogo, na kilichobaki akamkabidhi kijana wake ili apate chombo cha kazi. Kwa hiyo niliposikia neno "nimeiua", niliyoyaona akilini yalikuwa maganda ya ndengu yakipurwa uani, na mgongo wa dada yangu uliopindika juu yake. Ndiyo sababu ninalileta jambo hili redioni. Wengine watasema ni mambo ya vijana na michezo yao. Mimi nasema ni mambo ya jasho la wazazi, na yanastahili kuzungumzwa kwa makini.

Tuanze na kadi yenyewe. Ndani ya kompyuta kuna kadi ambayo kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Tuiite kadi ya michoro; vijana huiita grafiki. Ina bongo lake, kumbukumbu yake na feni zake. Siku hizi kazi zake zimeongezeka: huharakisha uhariri wa video, huwasaidia wachoraji wa majengo kuiona nyumba kabla ya msingi kuchimbwa, na hubeba hesabu nzito za akili unde. Na vijana wamegundua kwamba kadi hii yaweza kusukumwa ikimbie kuliko kasi iliyotoka nayo kiwandani. Huko ndiko wanakokuita kuovakloki.

Inawezekanaje? Bongo la kadi hufanya kazi kwa mapigo, na kwa kila pigo hupiga hatua moja. Chukua kadi ya GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019 na ambayo hutumiwa na wengi wenye mfuko mdogo. Kiwanda kimeiwekea megahezi 1,485, na kazi inapokaza inaruhusiwa kupanda hadi 1,665. Hayo ni mapigo bilioni moja na milioni 665 katika sekunde moja.

Mmewaona wachezaji wa ngoma zetu za Ukambani, wale wanaoruka na kupinduka hewani kabla ya kutua. Mpiga ngoma akiongeza kasi kidogo, uwanja unachangamka. Akiongeza tena, wenye mapafu wanastahimili. Lakini ipo kasi ambayo pigo la pili hulia mchezaji angali hewani, na hapo hatua hukosewa. Kwenye kadi, hatua iliyokosewa ni doa la rangi mahali pasipo na doa, au mstari unaokatiza uso wa bibi harusi, au skrini inayozimika ghafla.

Mtu atasema, basi wape wachezaji nguvu zaidi waifuate ngoma. Nguvu hiyo ipo, na ndiyo volteji. Ila volteji hudai malipo makubwa. Nguvu inayoliwa na bongo la kadi hupanda sawasawa na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa mraba wake. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, ulaji wa nguvu hupanda kwa karibu asilimia 33, na nguvu yote hiyo hugeuka joto. Umeongeza theluthi ya joto, na mwendo ulioupata hauzidi ile asilimia 10. Katika kazi nyingi haufiki hata hapo.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Kwa nini kiwanda kiliacha nafasi ya kuongeza? Kwa sababu bongo za kadi hazifanani hata zikikatwa kutoka kipande kimoja cha silikoni. Ipo inayostahimili sana na ipo inayostahimili kidogo. Kiwanda huchagua kasi ambayo hata ile dhaifu itaimudu, katika chumba chenye joto, feni ikiwa imechakaa kidogo, umeme ukiwa haujatulia. Ile tofauti kati ya kasi ya kiwanda na mwisho wa uwezo wa kadi ni akiba. Ni nafaka ghalani. Anayeovakloki hula ile akiba. Kabla hajaanza kuila, basi, ni lazima aulize: ni nani mwingine anayekula kwenye ghala hili?

Kwetu Kitui na Makueni wako walaji watatu, na wameanza kula kabla yako. Joto, vumbi na stima.

Niwaambieni kuhusu joto. Feni haitengenezi baridi. Feni huondoa hewa ya moto iliyoko kwenye kadi na kuleta hewa ya chumbani mahali pake. Kwa hiyo kadi haiwezi kamwe kuwa na ubaridi kuliko chumba ilimo. Itakuwa juu ya chumba kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hakibadiliki sana kazi ikiwa ni ile ile. Tupige hesabu. Mtu yuko Ulaya, chumba chake kina nyuzi 22. Kadi yake ikifanya kazi kwa bidii inatulia kwenye nyuzi 70. Tofauti ni 48. Chukua kadi ile ile, kazi ile ile, uilete kwenye chumba cha mabati pale Kibwezi au Mutomo mwezi wa Oktoba, chumba chenye nyuzi 34. Ongeza ile 48. Kadi sasa iko kwenye 82. Na kadi nyingi za kampuni ya NVIDIA za kizazi cha GTX 10 zimepangiwa kuanza kujizuia zikigusa nyuzi 83 hivi. Unaona ni nyuzi ngapi za akiba zilizobaki? Ni moja. Na bado hujaongeza hata megahezi moja.

Ndiyo maana nawasihi vijana wanaojifunza kwa video za ughaibuni. Anayefundisha hasemi uongo. Namba zake ni za kweli katika chumba chake. Lakini wewe hukai katika chumba chake.

Tena kadi za siku hizi zina ujanja wa kujilinda. Tangu mwaka 2012, ilipotoka GTX 680, kadi za NVIDIA hujipandisha na kujishusha kasi zenyewe kulingana na joto na nguvu. Hiyo ni heri kwetu, lakini huwapotosha wengi. Unaweza kuandika nyongeza ya megahezi 100 kwenye programu ukafurahi, na ifikapo mchana kadi imeshajirudisha nyuma, sehemu kubwa ya nyongeza yako imebaki kuwa namba iliyoandikwa. Umelipia joto na stima, mwendo hukuupata.

Na kuna hatari nyingine inayojificha. Silikoni yenye moto huvujisha umeme zaidi, na hatua zake huchelewa. Kasi iliyostahimiliwa kadi ikiwa kwenye nyuzi 65 yaweza kushindikana ikifika 80. Hilo ndilo lililompata mpwa wangu. Aliiongezea kadi yake kasi mwezi wa Julai, usiku, wakati wa baridi ile inayoteremka kutoka Milima ya Chyulu. Akaijaribu saa mbili mfululizo, ikakubali. Akaamini kazi imekwisha. Agosti ikapita salama, Septemba ikapita kwa taabu kidogo, Oktoba ikamuumbua.

Mlaji wa pili ni vumbi. Hapa sihitaji maneno mengi, kila anayefua nguo nyeupe Ukambani anajua. Vumbi letu jekundu huingia ndani ya kompyuta na kukaa katikati ya mapezi ya bati la kupozea, likajisuka na nyuzi za nguo na nywele hadi likawa blanketi. Feni inapiga kelele, hewa haipiti. Kabla hujafikiria kuongeza kasi, fungua mashine, itoe kadi, nenda nayo nje. Zishike panga za feni kwa kidole zisizunguke, kisha pulizia kwa blowa na kusugua taratibu kwa brashi laini iliyo kavu. Feni ikiachwa izungushwe na blowa huharibika gololi zake. Kwa makazi yetu, fanya hivyo angalau kila baada ya miezi mitatu.

Kadi iliyotumika miaka mingi huwa pia imekauka ile grisi ya kupozea iliyo kati ya bongo na bati lake. Fundi anayejua kazi ataifuta ya zamani na kuweka mpya, kiasi cha punje ya ndengu au zaidi kidogo. Jambo hili ni la maana zaidi kwa mnaonunua kadi za mitumba. Septemba 15, 2022, mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha njia ya kuzichimba sarafu hizo kwa kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi mchana na usiku duniani zikaingia sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu. Lakini mnunuzi aijaribu mbele ya muuzaji kwa nusu saa, na asikilize feni zake kama anavyosikiliza injini ya pikipiki iliyotumika.

Mlaji wa tatu ni stima, na hapa nina kisa mnachokikumbuka. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. KenGen, kampuni inayozalisha umeme, walieleza kwamba mitambo mingine kituoni ikaelemewa na mzigo, nayo ikajizima, zikapotea zaidi ya megawati 180, na Kenya nzima ikaingia gizani. Gitaru si mbali na sisi. Ufuate mto huo huo uelekeako, utaipita Kindaruma na kufika bwawa la Kiambere, na ukingo mmoja wa maji yake ni ardhi ya Kitui.

Nimekifikiria kisa hicho mara nyingi. Mnyama mdogo kiasi kile ameangushaje nchi? Jibu ni kwamba mzigo uliobebwa na mmoja uliwahamia wengine, na hao wengine hawakuwa na nafasi ya kuubeba. Chombo kilichokazwa hadi mwisho wake hakihitaji pigo kubwa. Kadi iliyosukumwa hadi megahezi ya mwisho ni hivyo hivyo. Itaendelea vizuri hadi siku fundi wa kuchomelea vyuma hapo jirani atakapowasha mashine yake, taa zikafifia kidogo, na kazi yako ya saa nne ikapotea.

Sasa tuje kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, maana hapo ndipo palipo na hatari ya moto wenyewe. Wengi wetu tunanunua kompyuta zilizotumika ofisini Uingereza, zile zilizoandikwa Ex-UK dukani. Ni mashine imara, sizibezi. Lakini zile nyembamba zina pawasaplai ya wati 240 hivi, kwa sababu ziliundwa kwa karani wa kuandika barua. Sloti ya kadi kwenye mothabodi hutoa wati 75, basi. Kadi kama GTX 1050 Ti na GTX 1650 za kawaida zimeundwa kula hizo 75. Maana yake ni kwamba kabla hujaigusa, kadi imeshafika kwenye mpaka wa sloti yake. Ukitaka kuipandishia kikomo cha nguvu, wapi pa kuipatia?

Wengine huchukua kadi kubwa, kama RX 580 inayokula wati 185, wakaifunga kwenye mashine hiyo hiyo kwa waya wa kuunganisha unaotoka kwenye plagi ya diski. Nawaomba, msifanye hivyo. Plagi ya diski ya aina ya SATA imekadiriwa kubeba wati 54 kwenye mkondo wake wa volti 12. Kadi inapoomba mara mbili au tatu ya hizo, plagi hupata moto, plastiki huyeyuka, na unaishi katika chumba chenye godoro na mapazia. Kama kadi yako inahitaji waya wake maalumu, tafuta pawasaplai yenye waya huo. Huna pesa zake leo? Subiri msimu. Kadi haiozi ikikaa kwenye boksi.

Haya. Tuseme mashine ni safi, pawasaplai inatosha, na kijana bado anataka kuongeza kasi. Simkatazi. Kujua kifaa chako kinaweza nini ni elimu njema, na mimi mwenyewe nimeifurahia. Lakini kuna utaratibu, na utaratibu huo huanza na daftari na kalamu.

Kwanza, usiguse kitu. Iendeshe kadi kama ilivyo kwa nusu saa, saa nane mchana, mlango ukiwa kama kawaida yako. Tumia kipimo kama Unigine Heaven, kinachoipa kadi kazi nzito na kukupa alama mwishoni. Andika joto la chumba, joto la kadi, kasi yake na alama ulizopata. Hayo ndiyo makao utakayorudi kila unapopotea. Na kama joto la kadi limeshapita nyuzi 80 hapo hapo, funga daftari. Kadi yako haina akiba ya kugawa, na jambo litakalokufaa nitalisema baada ya muda mfupi.

Pili, programu. Wengi hutumia Afterburner ya kampuni ya MSI, ambayo ni ya bure na hukubali hata kadi za watengenezaji wengine. Ipakueni kwa MSI wenyewe, kwa sababu zimewahi kutengenezwa nakala bandia za kuiba siri za watu. Ukiifungua utaona volteji. Iache ilivyo.

Tatu, ongeza kasi ya bongo la kadi kwa megahezi 15, usizidishe. Pima dakika kumi huku ukitazama skrini kwa macho yako. Ukiwa salama, ongeza 15 nyingine. Endelea hivyo hadi uone dalili: doa, mstari, picha kuganda, au skrini kuwa nyeusi kidogo na kurudi. Hiyo ya mwisho ni Windows yenyewe. Ikiona kadi haijajibu kwa sekunde mbili, huifufua upya draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Ukiona dalili yoyote, rudi nyuma megahezi 30 hadi 45. Usirudi 15 peke yake ukasema unabahatisha.

Nne, kumbukumbu ya kadi. Hii huongezwa kwa 50, na ina hila yake. Kumbukumbu za aina ya GDDR5 na GDDR6 zina uwezo wa kugundua kosa na kurudia kutuma kilichokosewa. Kwa hiyo unaweza kuongeza na kuongeza, usione doa lolote, kumbe kadi inapoteza muda ikirudia kazi. Hapo ndipo daftari linapokuokoa. Alama zikianza kushuka ilhali namba unazipandisha, umeshapita mahali pazuri. Rudi.

Tano, usiiagize programu iweke namba hizo kila unapowasha mashine hadi umemaliza wiki nzima ya kazi bila tatizo. Ukiacha hivyo, kosa likitokea unazima na kuwasha, kadi inarudi kwenye kasi ya kiwandani, na hakuna kilichoharibika.

Na la sita, ambalo kwetu ndilo mtihani wenyewe: rudia kipimo saa nane mchana katika mwezi wa joto, Februari, Machi, Septemba au Oktoba. Ukiwa umeovakloki mwezi Julai, bado hujamaliza, umeanza tu.

Yako mambo ambayo sitaki myaguse. Kompyuta ya mkononi, yaani laptopu, msiiongezee kasi. Feni zake ni ndogo na joto la kadi na la bongo kuu la kompyuta hupita njia moja. Msibadilishe programu ya kiwandani iliyo ndani ya kadi ili kuvunja vikomo vyake, kwa sababu ikikosewa kadi haiwaki tena. Na kadi iliyo chini ya waranti, someni kwanza karatasi yake. Mvua za Novemba zikianza na radi, chomoeni kila kitu ukutani, kadi ikiwa imeongezwa kasi au la.

Sasa nilisema nina jambo kwa wale ambao kadi zao hazina akiba. Nalo kwa kweli nalipenda kuliko yote niliyosema. Badala ya kuongeza kasi, punguza volteji.

Kumbukeni, kiwanda kiliweka volteji ya kumtosha mchezaji dhaifu kuliko wote. Kadi yako huenda si dhaifu. Tuseme inapiga megahezi 1,850 kwa volti 1.05. Katika Afterburner kuna mchoro wa mstari unaoonyesha kila kasi na volteji yake, na unaweza kuiambia kadi ishike kasi ile ile kwa volti 1.00, ukapima, kisha 0.975, ukapima, kisha 0.95. Ikikubali 0.95, kwa ule mraba niliousema, umeondoa karibu asilimia 18 ya nguvu iliyokuwa ikiliwa na bongo la kadi, na mwendo hujapoteza. Rudini kwenye hesabu yetu. Ile tofauti ya nyuzi 48 juu ya chumba inashuka hadi kama 39. Chumba ni kile kile cha nyuzi 34. Kadi iliyokuwa kwenye 82 sasa iko kwenye 73. Feni zimetulia, tokeni za stima zinakaa zaidi, na kwa kuwa kadi haijizuii mchana, kazi yaweza kukwisha mapema kuliko ya yule aliyeongeza megahezi 100.

Wazee wetu walishaijua hekima hii shambani. Yapo mahindi ya nyanda za juu yanayozaa sana kule Kitale. Ukiyapanda Mutomo yanarefuka, yanapendeza, halafu mvua inakatika yakiwa hayajabeba. Watafiti wa kituo cha Katumani, hapo Machakos, walituletea mahindi mafupi yanayokomaa mapema. Ekari ya Katumani haishindani na ekari ya Kitale katika mwaka wa neema. Lakini mkulima wa Ukambani hapandi kwa ajili ya mwaka wa neema. Anachagua mbegu akiwa na ule mwaka mbaya machoni, na ndivyo nyumba yake inavyokula. Kadi iliyopunguziwa volteji, ikapimwa saa nane mchana, hiyo ndiyo kadi ya Katumani.

Na msidhani huu ni ushauri wa watu wasio na uwezo. Hapo Malili, ndani ya Makueni yetu, kwenye ekari 5,000 za Konza, mradi uliozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Januari 2013, kimejengwa kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Kituo cha data popote duniani hupangiwa mitambo ya ubaridi na stima ya akiba kabla ya mashine ya kwanza kuwashwa. Wahandisi huanza na joto, wakaja kwenye umeme, na kasi wanaizungumza mwisho. Kijana wa Kwa Vonza anayesoma pale chuo kikuu cha SEKU, au aliyepata kazi ya mtandaoni kupitia mafunzo ya Ajira Digital, akifuata mpangilio huo huo chumbani kwake, anafanya kazi kihandisi.

Nimalizie kwa mpwa wangu. Siku ile nilimwambia azime kila kitu, aache mashine ipoe, kisha aiwashe katika hali ya salama, kwa sababu alikuwa ameiagiza programu irudishe namba za Julai kila anapowasha. Akaziondoa. Akawasha upya. Tulikuwa kwenye simu, na nilisikia pumzi yake ikitoka kabla hajasema neno. Kadi ilikuwa hai.

Jumamosi nilifika Kibwezi. Tuliisogeza meza mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, tukatoa kadi tukaisafisha chini ya mwembe, tukapunguza volteji hatua kwa hatua hadi 0.95. Dada yangu alituletea chai, akauliza kama kile kitu kimepona. Kijana akamwonyesha mstari mmoja kwenye daftari lake, nami nawasomea kama ulivyo: "Jumamosi, saa nane mchana, chumba 35, kadi 74, dakika 30, hakuna doa." Mama yake hajui megahezi ni nini. Lakini aliusoma mstari ule mara mbili, akakubali kwa kichwa, kisha akarudi kupepeta ndengu.

Wasikilizaji wangu, kila mwenye kadi kijijini mwangu na kwingineko, nawaomba daftari hilo liwe nanyi. Juma lijalo tutazungumza kuhusu betri za sola na kwa nini nyingi hufa kabla ya wakati. Hadi hapo, kwaherini.